Pembeni mwa Mgeni Rasmi

Kazi yangu ni kupiga,
na sijawahi kumtoa mtu damu.
Kapufi, mhariri, hunitafuta kabla jua halijapanda:
"Uko wapi?" Hasalimii. Salamu hazilipwi.
Elfu kumi na tano kwa picha, ikitoka.
Isipotoka, nauli yangu, jasho langu,
na umeme wa jirani niliochajia betri ni deni.

Jumatatu, Kisutu. Mshtakiwa wa mafuta ya transfoma
kajifunika uso kwa koti la kuazima.
Nikapiga koti. Nikapiga viatu, kimoja kamba imekatika.
Kapufi alitaka uso.
"Viatu havina jina," akasema.

Jumanne, Jangwani. Maji yamepungua,
yameacha tope hadi usawa wa swichi ukutani.
Mama mmoja anaanika daftari za mwanawe juu ya bati,
ukurasa kwa ukurasa, kila mmoja na kijiwe chake,
hesabu za sehemu zikichuruzika wino.
"Ukinipiga," akasema, "nipige nimesimama."
Nikangoja ajifunge kitenge upya.
Mwanga ukanitoroka. Nikampiga hivyo hivyo, kasimama.

Jumatano simu haikulia.

Alhamisi bondia wa Manzese anapima uzito.
Kavua mpaka soksi, gramu mia mbili bado zimemzidi,
anatema mate kwenye kikopo, anatema, anatema,
na ukumbi mzima tunamshangilia mtu kwa kutema mate.
Ijumaa, Posta, benki yakabidhi hundi ya boksi
pana kuliko mlango; ikabidi waipitishe ubavu.
Jioni yake harusi Sinza, kimyakimya,
maana mpiga picha wa magazeti hapigi keki.
Anapiga. Kodi haiulizi.

Jumamosi namba nisiyoijua. Bi Chausiku, wa Chamazi.
"Wewe ndiye uliyekuja siku ya bomba?"
Ndiye.
"Mwanangu Pazi alikuwepo. Tumemzika juzi.
Nyumba nzima hatuna picha yake ya ukubwani.
Zilikuwa kwenye simu, na simu waliiokota wengine
palepale pikipiki ilipomwangusha."

Nikafungua diski. Picha mia moja arobaini na mbili:
mgeni rasmi na mkasi, mgeni rasmi na ndoo,
mgeni rasmi akinywa kwa glasi aliyokuja nayo kutoka mjini.
Gazeti lilitumia ya mkasi.
Ya tisini na nane, ukingoni, nyuma ya tangi,
kijana wa ovaroli, spana mkononi,
anasubiri ishara afungulie.
Yeye ndiye aliyeyalaza mabomba yale.
Hotuba haikufika kwake.

Siku ile mgeni rasmi alikata utepe.
Usiku huu mimi nikamkata mgeni rasmi:
kwanza bega, halafu mkono, halafu kidole
kilichobaki kinaning'inia juu ya sikio la Pazi.
Nikauvuta uso. Ukaja, ukaja, ukapasuka punjepunje
kama uji uliokorogwa na mtu mwenye haraka.
Nikarudi nyuma kidogo. Hapo.
Zaidi ya hapo hakuna mtu, kuna vidoa.

Nikaisafishia Rangi Tatu, nikaipeleka mwenyewe.
Bi Chausiku akaishika kwa ncha za vidole,
akasogea nayo mlangoni penye mwanga.
"Mbona hatuangalii?"
Anaangalia bomba, nikasema.
Akanyamaza. Akaigeuza, akatazama mgongo wake mweupe
kama vile huko angekuta mengine.
"Kiasi gani?"
Nikamwambia nilishalipwa.
Si uongo: elfu kumi na tano, mwezi wa nne,
kwa ajili ya mkasi.

Akanikingia maji. Nikanywa nimesimama,
simu ikitetemeka mfukoni, Kapufi,
uko wapi.